Draiva ya Titani na Sikio la Kulia: Uchambuzi wa Kisa cha Mcheza Gofu Mmoja

Kisa na sababu ya kukirejea

Desemba 2008, madaktari wa masikio, pua na koo wa hospitali moja ya Uingereza walichapisha katika jarida la tiba taarifa ya mgonjwa ambaye sikio lake la kulia lilikuwa limepungukiwa na usikivu, nao wakauhusisha upungufu huo na fimbo yake ya gofu. Taarifa ilikuwa fupi. Magazeti yaliidaka mara moja, na katika kupita mkono kwa mkono neno «huenda» ambalo waandishi wake walilitumia kwa uangalifu likadondoka njiani, hata wasomaji wengi wakabaki na habari kwamba gofu huleta uziwi.

Ninakirejea kisa hiki kwa sababu kinakutanisha kazi mbili ambazo ni nadra kukaa meza moja, yaani ubunifu wa fimbo za gofu na utengenezaji wa vifaa vya kusaidia usikivu. Mbunifu wa fimbo hushughulika na bamba jembamba la metali linalotetemeka baada ya kugongwa, naye mbunifu wa kifaa cha usikivu hushughulika na kiwambo kidogo kinachotetemeka ndani ya spika inayoingia sikioni. Fizikia yao ni moja, lakini kwa miaka mingi wa kwanza hakuwa na sababu ya kumuuliza wa pili jambo lolote. Kisa hiki kilimpa sababu.

Jina la mgonjwa halikutajwa tangu mwanzo. Hapa nimeondoa pia jina la hospitali na chapa ya fimbo, kwa kuwa hoja yangu inahusu aina ya fimbo na njia ya uchunguzi, haimhusu mtengenezaji mmoja.

Usuli: namna draiva ilivyoanza kupiga kelele

Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote katika mfuko wa mcheza gofu, na kazi yake kubwa ni pigo la kwanza kwenye mashimo marefu. Kwa muda mrefu kichwa chake kilichongwa kwa mbao ngumu, hasa za mti wa persimoni. Kipande cha mbao kisicho na uwazi ndani kikigonga mpira hutoa mlio mfupi unaokufa upesi, kwa sababu mbao humeza mtetemo wake yenyewe.

Mwaka 1979 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza draiva yenye kichwa cha chuma kisichoshika kutu, kilicho wazi ndani. Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Kichwa cha draiva huwa na uzito wa takriban gramu 200, na uzito huo haubadiliki sana kwa kuwa mwili wa mchezaji ndio unaoupangia kikomo. Ukiutoa katikati na kuusambaza pembezoni, kichwa hakipindi kirahisi mpira unapogongwa nje ya kitovu, na pigo baya linakuwa na hasara ndogo zaidi. Mwaka 1991 vichwa vya chuma vikakua kwa kishindo, na katikati ya miaka ya 1990 titani ikashika soko. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina uzito wa gramu 4.5 hivi, ilhali ile ya chuma inakaribia gramu 8, na titani haiachwi mbali na chuma kwa uimara. Mbunifu aliyepewa gramu 200 za titani aliweza kutengeneza kichwa kikubwa zaidi chenye kuta nyembamba zaidi, na ukubwa ukaendelea kupanda hadi sheria za vifaa zilipoweka ukomo wa sentimita 460 za ujazo.

Wembamba wa uso wa mbele ndio kiini cha kisa chetu. Mpira wa gofu unapogongwa na uso mgumu hubonyea sana, na kila ubonyeaji hupoteza sehemu ya nishati kwa joto. Uso mwembamba hubonyea wenyewe kidogo na kurudi, mfano wa trampolini, hivyo mpira haulazimiki kubonyea kwa kiasi kilekile na nishati iliyopotea hupungua. Wahandisi hupima jambo hili kwa kipimo cha mrejeo, ambacho ni uwiano kati ya kasi ambayo vitu viwili huachana nayo baada ya kugongana na kasi viliyokaribiana nayo. Kipimo hicho kikiwa 1, hakuna kilichopotea. Mwaka 1998 chama kinachosimamia sheria za gofu Marekani kiliweka kikomo cha 0.83, lakini wasimamizi wenzao wa St Andrews huko Uskochi hawakukubaliana nao mara moja, na kikomo hicho hakikuwafunga wachezaji wote wa nchi zilizo chini yao hadi 1 Januari 2008. Kwa miaka kadhaa, basi, mcheza gofu wa Uingereza aliweza kununua na kutumia kihalali draiva ambayo mwenzake wa Marekani asingeruhusiwa kuingia nayo mashindanoni.

Uso mwembamba uliofungwa kwenye chombo kipana kilicho wazi ndani hautupi mpira tu, hutoa pia sauti. Mpira na uso hugusana kwa takriban nusu ya elfu ya sekunde, kisha uso, paa na sakafu ya kichwa huendelea kutetemeka na kusukuma hewa. Sehemu kubwa ya sauti hiyo huangukia kwenye masafa ya hezi elfu kadhaa, hezi ikiwa ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Tundu la sikio la mtu mzima nalo, kwa urefu wake wa sentimita mbili na nusu hivi, hukuza zaidi sauti zilizo karibu na hezi 3,000. Sheria za vifaa zilipima ujazo, zikapima urefu, zikapima mrejeo, na hazikupima sauti hata kidogo, kwa kuwa zilitungwa kulinda ushindani wa haki. Afya ya sikio haikuwa kazi yao, wala haikuwa kazi ya mtu mwingine yeyote katika mnyororo ule.

Mgonjwa na malalamiko yake

Mwanamume wa miaka 55, mwenye kutumia mkono wa kulia, alifika kliniki akilalamika kwamba sikio lake la kulia linavuma na halisikii vizuri kama zamani. Uchunguzi wa kawaida wa masikio haukuonyesha tatizo. Kipimo cha usikivu kilionyesha upungufu upande wa kulia kwenye masafa ya juu, ukiwa mkubwa katika hezi 4,000 na 6,000.

Umbo hilo la mchoro linafahamika sana kwa watu wa fani. Uzee hupunguza usikivu kwa mteremko unaozidi kadiri masafa yanavyopanda, tena kwa kawaida masikio yote mawili hushuka pamoja. Kelele huchimba shimo karibu na hezi 4,000, kwa sababu sehemu ya koklea, yaani kiungo cha kusikia kilicho katika sikio la ndani, inayopokea masafa hayo ndiyo inayoelemewa kwanza na sauti ambazo tundu la sikio limezikuza. Seli za vinyweleo za sehemu hiyo zikifa hazioti tena kwa binadamu.

Alipoulizwa kuhusu maisha yake, mgonjwa alieleza kwamba kwa muda wa miezi 18 amekuwa akicheza gofu mara tatu kwa wiki kwa draiva ya titani yenye uso mwembamba, na kwamba mlio wake wakati wa kugonga mpira ulikuwa kama mlio wa bunduki. Kero ilizidi hadi akaamua kuachana na fimbo hiyo.

Maamuzi ya madaktari na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoridhika na jibu la kelele hadi jambo la hatari zaidi liondolewe. Mtu anayepoteza usikivu na kusikia mvumo upande mmoja tu anaweza kuwa na uvimbe kwenye neva ya usikivu na mizani, uvimbe ambao si saratani lakini ukikua hubana ubongo. Wakaagiza kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, nacho kikatoka safi. Sababu nyingine walizozifikiria, ikiwemo ile ya umri, hazikuoana na picha waliyoipata.

Uamuzi wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio ulioifanya taarifa hii iwe na thamani, ulikuwa kutoishia kwenye maelezo ya mgonjwa. Wangeweza kuandika kwamba mgonjwa anasema fimbo yake ina kelele, na kuishia hapo. Badala yake walitafuta mtandaoni maoni ya watumiaji wengine wa fimbo ileile, wakakuta wachezaji wakiutaja mlio wake mkubwa na kueleza jinsi unavyosikika uwanja mzima. Kisha wakapanga jaribio. Walichukua draiva 6 za titani zenye uso mwembamba na nyingine 6 za chuma kisichoshika kutu zenye uso mnene zaidi, wakamwomba mchezaji wa kulipwa apige mipira mitatu kwa kila fimbo, na kuweka kipima sauti umbali wa mita 1.7, makadirio ya umbali kati ya sikio la kulia la mchezaji na mahali kichwa cha fimbo kinapokutana na mpira.

Matokeo

Draiva zote za titani zilitoa sauti kubwa kuliko zile za chuma. Waandishi walihitimisha kwamba draiva za aina hiyo huenda zikatoa sauti ya kutosha kuidhuru koklea kwa muda, au hata kwa kudumu, kwa watu walio wepesi kudhurika, na wakawashauri wanaozitumia mara kwa mara kuwa na tahadhari. Yapo maneno mawili yanayohitaji kusomwa polepole katika hitimisho hilo: «huenda» na «walio wepesi kudhurika». Hakuna mahali waliposema kwamba gofu huwafanya watu kuwa viziwi.

Uchambuzi: yaliyofaulu

Mafanikio makubwa ya kisa hiki yalianzia kwenye historia ya mgonjwa. Katika kliniki nyingi mtu mwenye shimo la hezi 4,000 huulizwa kazi yake, na akijibu kwamba hafanyi kazi kiwandani, mgodini wala jeshini, suala la kelele hufungwa. Kanuni za kelele kazini nazo zimejengwa hivyohivyo. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri achukue hatua sauti ya kishindo inapofika desibeli 135 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na zinakataza kuvuka 140, lakini hazina la kusema juu ya mtu anayejigongea mpira Jumamosi kwa hiari yake. Mgonjwa huyu angepita katikati ya nyavu zote mbili kama asingeulizwa anachofanya baada ya saa za kazi na, zaidi ya hapo, ni kifaa gani kimebadilika katika miaka ya karibuni. Swali la kifaa kilichobadilika ndilo lenye kufungua mambo. Miezi 18 aliyoitaja mgonjwa ni ya kuitumia fimbo ile. 

Ulinganishi wa makundi mawili ya fimbo nao ulikuwa wa busara. Kupima fimbo ya mgonjwa peke yake kungetoa namba isiyo na mwenzake wa kuitafsiri. Kwa kuweka titani mkabala na chuma, waandishi waliweza kuonyesha kwamba jambo walilolikuta halihusu fimbo moja mbovu bali mwelekeo mzima wa ubunifu.

Uchambuzi: yaliyopungua

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndipo kinapofundisha zaidi.

Tuanze na mahali pa kupimia. Kipima sauti kilichosimama mita 1.7 kutoka kwenye mpira hupima hewa iliyo mahali hapo. Hakipimi kinachoifikia ngoma ya sikio, ambako tundu la sikio limekwisha kukuza masafa fulani na kichwa, mabega na masikio yenyewe yameibadili sauti kwa namna yake. Wataalamu wanaofunga vifaa vya usikivu walilijua tatizo hili zamani, kwa sababu liliwauma wao kwanza. Kifaa kinachosoma vizuri kwenye benchi la kiwanda kinaweza kutoa sauti tofauti kwa desibeli nyingi kikiingia katika sikio jembamba la mtoto au sikio pana la mtu mzima. Ndiyo sababu walibuni upimaji wa ndani ya sikio: kijirija laini, chembamba, huingizwa katika tundu hadi karibu na ngoma, kikiwa kimeunganishwa na maikrofoni, na mtaalamu huona kwenye skrini sauti halisi inayoifikia ngoma ya mtu huyo mahususi.

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikichukua chombo hichohicho cha kliniki za vifaa vya usikivu, kikiwa hakina waya, na kukipeleka kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu kusini mwa Wales. Wanaume 19 wasio wachezaji wa kulipwa, wenye umri wa miaka 19 hadi 54, walipiga mipira sita kwa kila moja ya draiva tatu huku masikio yao yote mawili yakipimwa kwa wakati mmoja. Fimbo zilitofautiana waziwazi kwa ukali wa sauti na kwa masafa, jambo linaloiunga mkono taarifa ya 2008. Lakini walipokadiria kelele inayolipata sikio kwa kupiga kikapu kizima cha mipira, ilikuwa chini ya asilimia 2 ya kiwango cha kelele kinachoruhusiwa kwa siku. Wakasema kwamba hatari ya haraka kwa mcheza gofu wa kawaida ni ndogo sana, ingawa fimbo inayovuka desibeli 116 kwa kipimo cha A, ambacho hupima sauti kwa kuiga namna sikio linavyosikia, inaweza kuwa jambo jingine.

Utafiti huo ulitoa pia jambo ambalo naliona zito kuliko asilimia 2. Sauti iliyopimwa haikutofautiana kwa kiasi cha maana kati ya sikio la kulia na la kushoto. Mgonjwa wetu aliumia upande mmoja. Ni kweli kwamba anayecheza kwa mkono wa kulia huinama upande huo anapogonga, bega la kulia likiwa chini ya la kushoto, hivyo sikio la kulia hukaribia mpira kidogo. Hata hivyo hesabu haisaidii sana: sikio moja likiwa mita 1.7 kutoka kwenye mpira na jingine mita 1.8, tofauti ya sauti kwa sababu ya umbali ni nusu desibeli tu. Mpiga bunduki wa mkono wa kulia huumia zaidi sikio la kushoto kwa sababu mdomo wa bunduki umelekea upande huo huku sikio la kulia likikingwa na kivuli cha kichwa. Mcheza gofu anautazama mpira uso kwa uso. Upungufu wa upande mmoja, ambao madaktari waliuona kuwa sehemu ya picha ya kelele ya fimbo, kwa macho yangu ni sehemu ya picha inayobaki bila maelezo ya kutosha.

Je, hii ina maana kwamba waandishi wa 2008 walikosea? Sidhani. Tujaribu makisio. Katika raundi ya mashimo 18, draiva hutumika kwa kawaida mara 14 kwa wingi, kwa kuwa mashimo mafupi hayaihitaji. Raundi tatu kwa wiki kwa miezi 18, yaani wiki 78 hivi, zinatoa mapigo yanayozidi kidogo 3,200, bila kuhesabu mazoezi. Yote ni ya kishindo kilichokwisha kabla ya sikio kujikinga, maana msuli mdogo wa sikio la kati unaokaza mifupa dhidi ya sauti kubwa huhitaji makumi ya sehemu za elfu za sekunde ili kuamka, nao mgongano wenyewe umekwisha katika nusu ya sehemu moja. Draiva tatu za Wales haziwezi kuwakilisha draiva zote, tena wachezaji 19 wenye umri usiozidi 54 hawawezi kumwakilisha kila mwenye masikio dhaifu kwa urithi au kwa dawa alizowahi kutumia. Ninavyolisoma jambo hili, taarifa mbili hizi hazipingani. Ya kwanza ilionyesha kwamba lipo jambo la kupimwa, ya pili ikapima mahali panapostahili na kuipunguza hofu hadi kimo chake.

Jambo la mwisho katika orodha ya mapungufu ni maelezo ya mgonjwa kwamba mlio ulizidi kumkera. Wengi walioisoma taarifa waliuchukua ukerwaji huo kama ushahidi wa ukali wa fimbo. Koklea iliyokwisha kudhurika, hata hivyo, huwa na tabia ya kupokea sauti ndogo kwa shida na kuipokea sauti kubwa kama kubwa kupita kiasi, kwa kuwa nafasi kati ya kusikia na kuumia imebanwa. Inawezekana basi kwamba fimbo ilianza kumkera kwa sababu sikio lilikuwa limekwisha kuharibika, kwa fimbo hiyo au kwa kitu kingine kilichotangulia. Maelezo ya mgonjwa ni ya kweli. Mpangilio wa chanzo na matokeo ndio usiothibitika kwayo.

Kama mgonjwa wa namna hii angehitaji kifaa

Mtu mwenye upungufu wa hezi 4,000 na 6,000 peke yake husikia mazungumzo, ila hupoteza ncha za maneno, yaani sauti kama «s», «f», «sh» na «th», hasa penye watu wengi. Kifaa kinachomfaa, au shime sikio kama wengi wanavyokiita Tanzania, ni kile cha nyuma ya sikio chenye mrija mwembamba au spika ndogo inayoingia sikioni kwa kifuniko chenye matundu, ili sauti nene ziingie zenyewe na kifaa kikuze nyembamba pekee. Kufunga tundu lote kwa mtu anayesikia vizuri sauti nene humfanya aisikie sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani, na wengi huishia kukiweka kifaa kabatini.

Vifaa vya sasa hukuza sauti ndogo kuliko kubwa, kisha huwa na kikomo ambacho hakitakiwi kuvukwa. Ubunifu huo ulikuja hasa kwa ajili ya masikio yenye nafasi iliyobanwa niliyoyaeleza juu. Mcheza gofu aambiwe waziwazi, hata hivyo, kwamba kifaa chenye matundu si kinga. Kishindo cha draiva hupita kwenye matundu bila kuuliza ruhusa ya kompyuta iliyo nyuma ya sikio, na vidhibiti vya sauti katika vifaa vingi huchukua sehemu kadhaa za elfu za sekunde kabla ya kushika, wakati kilele cha kishindo kimekwisha kupita. Anayetaka kinga avae kinga. Zipo za kuziba zenye kichujio kinachopunguza masafa yote kwa kiasi kinacholingana, na mchezaji aliyezivaa bado husikia kama mpira umegongwa kitovuni, jambo ambalo wachezaji hulijali sana kwa sababu sauti ndiyo inayowapa habari ya pigo kabla macho hayajauona mpira ukienda.

Upande wa mbunifu wa fimbo

Ni rahisi kuwalaumu waliotengeneza draiva zile, lakini maamuzi yao yalikuwa na mantiki kwa vipimo walivyopewa. Soko liliuliza umbali, sheria ikauliza mrejeo na ujazo, na wanunuzi wengi waliuchukulia mlio mkali kuwa alama ya nguvu. Katika mazingira hayo mlio haukuwa kasoro ya kuondolewa bali sifa ya kuuzia. Mabadiliko yaliyofuata yalitokana zaidi na ladha ya wachezaji kuliko na hofu ya masikio: wabunifu walianza kuweka mbavu nyembamba ndani ya sakafu na paa la kichwa ili kuhamisha masafa ya mtetemo, na wengine wakabadilisha sehemu ya paa kwa nyuzi za kaboni, ambazo humeza mtetemo kuliko titani. Uso wa mbele ukabaki mwembamba kama sheria inavyoruhusu. Hii inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mlio inaweza kutibiwa bila kugusa umbali wa mpira, kwa kuwa uso ndio unaotupa mpira ilhali paa na sakafu huchangia sana kupaza sauti.

Kwa hiyo ninachokiona kuwa pengo ni kipimo kisichokuwapo kwenye benchi la majaribio. Fimbo inapopelekwa kukaguliwa, kichwa chake hugongwa na pendulo ndogo ya chuma, muda wa kugusana hupimwa, na ukivuka sehemu 257 za milioni za sekunde fimbo hukataliwa. Kuweka maikrofoni kando ya mashine ileile hakutatosha, kwa sababu pendulo haigongi kwa nguvu ya mpira. Inatakiwa mashine ya kupigia mipira, kichwa cha bandia chenye matundu ya sikio yaliyotengenezwa kwa vipimo vya binadamu, kama vile ambavyo watengenezaji wa vifaa vya usikivu wamevitumia kwa miongo kadhaa, na namba moja ya mwisho iandikwe kwenye kifurushi. Desibeli 116 za utafiti wa Wales zingeweza kuwa mahali pa kuanzia mjadala, ingawa wachezaji 19 ni wachache mno kuzigeuza kuwa sheria.

Mtu ninayemfikiria zaidi katika jambo hili si mchezaji anayepiga mara 14 na kurudi nyumbani. Namfikiria kocha anayesimama siku nzima kwenye kibanda cha mazoezi chenye paa, wanafunzi wakipiga kikapu baada ya kikapu upande wa kulia na wa kushoto wake, sauti ikirudishwa na kuta. Makocha na makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya fimbo, wa viwanja vya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha wamo katika hesabu hiyo, maana draiva zilezile za titani huletwa huko. Kwao kelele hii ni ya kazini, hata kama aliyeishika fimbo yuko kwenye starehe, na kipimo cha asilimia 2 kwa kikapu kimoja hakina budi kuzidishwa kwa idadi ya vikapu na idadi ya wapigaji walio karibu. Daktari anayempokea mmoja wao akiwa na mvumo sikioni aanze na kipimo cha usikivu kinachofika hezi 6,000 na 8,000, asiishie 4,000. Upungufu ukiwa wa upande mmoja, aagize MRI kwanza kama wenzake wa Uingereza walivyofanya, hata kama mgonjwa ameingia kliniki akiwa tayari na jibu lake kuhusu fimbo.